Kitundu Baada ya Herufi ya Mwisho

Herufi ni kumi na nne. TWIN CAM, saba. 16, mbili. VALVE, tano. Saba na mbili ni tisa, tisa na tano ni kumi na nne. Ukianza kuhesabu kutoka nyuma unafika palepale, nami huhesabu kutoka nyuma pia, kwa sababu anayehesabu upande mmoja tu ndiye anayepigwa sokoni.

Ndugu yangu mkubwa alikuwa akihesabu kumi na tano.

Kazi yetu, ambayo sasa ni yangu peke yangu, ni kupaka rangi maneno yaliyozama juu ya kifuniko cha injini ya gari. Kifuniko hicho cha alumini ndicho unachokiona kwanza ukifungua kapo, ile boneti ya mbele. Kule kinakotengenezwa wanayazamisha maneno ndani ya chuma na kuyajaza rangi. Gari likifika Lubumbashi limeshapita mikono minne, rangi imebanduka, na maneno yamejaa oili na vumbi jekundu la kwetu. Mwenye kutaka kuliuza hutuletea kifuniko.

Mnunuzi wa mjini hapa hajui kusikiliza pistoni, lakini kusoma anajua. Akikuta herufi nyeupe zenye kona kali, anasema moyoni kwamba mwenye gari alilitunza. Nimeona gari linalokunywa oili kama arusi inavyokunywa bia likipata mwenyewe kabla ya saa sita, kwa sababu ya herufi zangu. Dhambi hiyo si yangu. Mimi napaka tu.

Meza yetu iko Kamalondo, chini ya mabati mawili, kati ya fundi cherehani na baa ambayo huanza muziki kabla watu hawajanawa uso. Yaya, ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa kwetu, ndiye aliyeianzisha, na ndiye aliyenifundisha. Kwanza unasugua shimo la kila herufi kwa mswaki na esansi, yaani petroli, kisha kwa kijiti cha kiberiti ulichokichonga ncha, kwa sababu oili ikibaki kwenye kona, rangi itakuaga baada ya wiki. Halafu unatia tone la rangi katikati ya herufi kwa sindano ya hospitali, unainamisha kifuniko, na rangi inatembea yenyewe mpaka kwenye kona. Usiisukume. Unangoja ifanye ngozi. Mwisho unachukua kipande cha fomika, unakivisha kitambaa kilichokazwa kama ngoma, unakilowesha kidogo tu kwa diluant, ile dawa ya kulainisha rangi, na unafuta juu ya chuma mara moja, ukikata herufi kwa upana. Ukifuta kwa urefu, au kwa kitambaa kilicholegea, kitambaa kitaingia shimoni na kutoka na rangi yako.

Yaya alifanya kazi kwa mdomo pia. Kila herufi ikikamilika alipiga ulimi, *ts*, na kuanza nyingine. Nilikuwa nahesabu kwa ulimi wake. Nikifika kumi na nne, *ts* moja ilikuwa bado.

Mbele kidogo ya herufi ya mwisho ya VALVE, kwenye vifuniko vya aina ile, kuna kitundu cha duara, chembamba kuliko punje ya mtama lakini kirefu kwenda chini. Si herufi. Ni alama iliyobaki pale pini ilipokisukuma kifuniko kitoke katika kalibu kikiwa bado na moto. Hayo niliambiwa baadaye na mzee mmoja aliyeyeyusha chuma maisha yake yote. Yaya hakujua. Aliona shimo limekaa kwenye mstari wa herufi, akalipaka rangi, na akalipisha.

Mteja mmoja alikuja juu.

“Herufi ni kumi na ine. Ya kumi na tano unaitosha wapi?”

“Ile tundu.”

“Ile tundu ni ya nini?”

“Ile Mujapani mwenye alitoboa njo anajua. Weye unazani alitoboa bule? Bantu ba kule habatoboake kintu bule.”

Mteja aliinama, akaitazama tundu. Alilipa. Mimi nilicheka mpaka fundi cherehani akasimamisha mashine. Niliporudi kwa yaya na habari ya pini na kalibu, alinisikiliza mpaka mwisho, akachovya sindano na kusema, “Basi na ile pini ilitaka rangi.” Akaendelea kupaka kumi na tano. Sijaona mtu mwingine mjini anayekipaka kitundu kile, na vifuniko vya watu wengi vimepita mikononi mwangu.

Yaya alikuwa na gari lake dogo, lenye kifuniko cha aina ileile. Herufi zake alizitia buluu, na buluu hiyo inataka maelezo. Mama alitaka mlango wa nyumba uwe wa buluu. Kopo halikutosha, yaya akaongeza nyeupe, ikawa kama maji ya sabuni, akaongeza kijani kidogo kuirudisha. Kilichotoka hakina jina. Ndio mlango pekee wa rangi ile katika mtaa wetu wote, na majirani hawajawahi kutuonea wivu. Rangi iliyobaki aliimalizia kwenye injini yake. Haikuuzwa kwa mtu yeyote, maana hakuna aliyeiomba.

Jumanne moja alipanda gari hilo kwenda Kasomeno, kwenye njia ya Kasenga, kwa mtu aliyekuwa na pikapu tatu za kupendezesha kabla ya kuziuza. Alichukua sanduku la sindano na salopeti yake ya akiba ya kuvaa kazini. Alisema Ijumaa atakuwa amerudi. Mwenye pikapu alitupigia simu Alhamisi kuuliza kwa nini fundi hajafika.

Nilifuata ile njia. Ilikuwa na vizuizi tisa, nikauliza kwenye kila kimoja, nikionyesha picha katika simu. Kwenye cha tano walimkumbuka, kwa kuwa alibishana nao muda mrefu na akashinda. Kwenye cha sita hawakumwona. Wakati wa kurudi niliuliza vyote tisa tena, upande wa pili. Jibu lilikuwa lilelile. Kati ya cha tano na cha sita kuna pori, magunia ya makala, makaa ya kupikia, yaliyopangwa kando ya njia, na daraja moja lisilo na kingo. Nilisimama darajani nikatazama chini. Mvua ilikuwa imenyesha majuma mawili mfululizo. Maji yalikuwa mekundu, yenye haraka, na hayakuonyesha kitu.

Watu hawakosi maneno. Wengine walisema yuko Zambia na mwanamke. Wengine walisema yuko kwenye machimbo, amebadili jina. Miezi ilipopita, papa mudogo, yaani mdogo wake marehemu baba, alisafiri kutoka Kasai akakaa uani kwetu siku nzima bila kugusa chakula. Jioni alisema tukae matanga, mtu aliliwe, ndugu zake wapumzike.

Mama alikuwa akichagua maharagwe. Hakuinua kichwa.

“Mutanilizisha na nini? Na maneno? Muniletee kintu moja yenye ilienda naye. Kintu moja tu. Njo nitalia.”

“Mama, kama hakuna?” nikauliza.

“Basi eko mu njia.”

Bei ile niliitambua. Ni bei ninayoitaja mimi nikiwa sitaki kuuza. Unaiweka mahali ambapo mkono wa mteja haufiki, kisha unakaa na mali yako kwa amani. Papa mudogo alirudi Kasai. Nyumbani tulibaki watano: mama, mimi, mdogo wangu wa kike na watoto wake wawili. Mama aliandaa sahani sita. Kila mchana, bukari, ugali wetu, kwenye sahani sita, sombe ya majani ya mihogo kwenye sahani sita, na ile ya sita ikafunikwa kwa sahani nyingine mpaka kesho yake. Miaka saba.

Nami, dada yake, nilikalia stuli ya yaya mezani. Nilianza kukipaka kile kitundu. Sikulipisha, nilikipaka tu, kwa sababu nikiishia kumi na nne nilikuwa nasikia *ts* nyuma ya sikio langu la kulia, mchana kweupe, muziki wa baa ukiwa juu. Si sauti ya kutisha. Ni ya mtu anayemaliza kazi yako uliyoiacha. Nikikijaza, ilinyamaza.

Mwaka wa saba kifuniko kimoja kilikuja kwenye mfuko wa unga, mkononi mwa dereva wa teksi mwenye kofia ya sufi, katika joto lile.

“Mama,” akaniambia mimi, “nataka nyekundu. Yenye inasemaka.”

“Nyekundu yangu yote inasemaka. Herufi ni kumi na ine.”

“Nilijua tu utanihesabia.”

Nilikigeuza kwenye mwanga. Mtu alikuwa amekiosha kwa soda kali, chuma kimekuwa cheupe kama mfupa, kisha akazijaza herufi rangi nyeupe kwa brashi, vibaya, zimevimba kama mikate. Nilikionea huruma kifuniko. Nikachukua kijiti, nikaanza kuangalia uchafu umeshuka mpaka wapi, na mkono wangu kwa mazoea ukaenda mpaka mwisho wa mstari, kwenye kitundu.

Kilikuwa kimezibwa na tope gumu. Nilitia tone la esansi, nikachokoa. Tope lilitoka kidogokidogo, la rangi ya kijivu, laini sana. Si vumbi la mjini. Nilitia tone la pili. Chini ya tope kijiti kiligusa kitu kisichokuwa chuma. Chuma hukwaruza, na hiki kilinyamaza. Nikafuta kwa ncha ya kitambaa.

Soda haikuwa imefika mle, wala brashi. Hakuna aliyewahi kukisafisha kwa sababu hakuna aliyefikiri kina kitu. Ndani kulikuwa na buluu.

“Mama, utanifanyia ngapi?” dereva akauliza, na bila kungoja akataja bei yake mwenyewe, ile ya kuchokozea, ambayo mtu huitaja akijua utamfukuza.

“Sawa,” nikasema.

Alinitazama vibaya. Miaka yote ile mezani sijawahi kukubali bei ya kwanza, na nadhani hata yeye alikuwa amesikia habari zangu.

“Sawa namna gani? Rangi yako ni ya kweli?”

“Ni ya kweli.”

“Basi nitoshe kidogo tena ku bei.”

“Usilipe kitu. Hii uniachie. Chukua ile pale, ni ya namna moja, haina ufa, herufi ziko tayari nyekundu.” Nikamwonyesha kifuniko nilichokuwa nimekitengeneza cha kuuza.

Sasa aliogopa kabisa. Alikichukua kifuniko kipya, akakigeuza, akakipiga kwa kidole, akakitazama kwa ndani kama mtu anayetafuta nyoka. Nilimwuliza alinunua wapi kile cha kwanza. Alisema Kampemba, kwa muuza vipuri mwenye kontena la kijani, na akaondoka haraka kabla sijapata akili.

Nilikwenda mchana uleule. Muuza vipuri alikuwa mtu mnene aliyekalia tairi, na alikuwa akila karanga. Nilimwonyesha kifuniko ndani ya mfuko.

“Sirudishi kintu,” akasema.

“Sikuje kurudisha. Nataka kujua ilitoka na moteri gani.”

“Ni weye polisi?”

“Polisi angekulomba karanga.”

Alicheka, akanisogezea karanga. Alisema iliingia na mzigo wa vyuma uliotoka njia ya Kasenga, wakati wa kiangazi kikali kilichopita. Injini haikufaa. Walipoifungua waliona imekunywa maji.

“Maji ya mvua?”

“Mama, moteri yenye ilinyeshewa tunaijua. Ile ilikuwa na muchanga mu silinda. Muchanga laini ya mutoni. Mpaka maji yakauke, bale ba kijiji habakuiona. Banasema banaona tu juu ya motokari, banaikokota na kamba, banakata bipande bipande.”

“Na ndani ya motokari?”

Aliacha kutafuna. Alitazama mfuko wangu, kisha viatu vyangu.

“Ile siyo mambo yenye banatuambiaka, mama.”

Nilikula karanga zake zote. Sikuona nilivyozila.

Siku nne kile kifuniko kilikaa chini ya meza yangu, kwenye mfuko wa unga, nyuma ya makopo. Nilipaka kazi za watu. Hakuna aliyepiga ulimi nyuma yangu siku hizo nne, hata nilipokiacha kitundu makusudi, kwa kujaribu. Nilikiacha kwenye kifuniko kimoja, nikangoja. Nikakiacha kwenye cha pili. Kimya. Nilikuwa nimeizoea sauti ile kama mtu anavyozoea saa ya ukutani, na sasa kimya chake ndicho kilichonifanya nigeuke kutazama nyuma.

Nilikuwa napiga hesabu. Nikimpa mama kitu hiki, ninamlipa bei aliyoitaja, na hana njia ya kurudi nyuma. Nisipompa, ataandaa sahani sita mpaka afe, na mimi nitakuwa nakula pembeni ya ile ya sita nikijua. Nilipiga upande huu, nikapiga upande ule. Ni hesabu pekee maishani mwangu ambayo kila nilipoirudia ilitoa jibu jingine.

Kilichoniamulia ni jambo dogo. Siku ya nne, mchana, mtoto wa mdogo wangu alifunua ile sahani ya sita akala kipande cha samaki. Mama hakumgombeza. Alichukua samaki kwenye sahani yake mwenyewe akairudishia ile ya sita, akaifunika, akala bukari kavu.

Asubuhi iliyofuata sikwenda Kamalondo. Nilimkuta uani, mbabula, jiko letu la makala, ikishika moto, ungo wa maharagwe magotini. Nilikitoa kifuniko kwenye mfuko nikakiweka juu ya stuli mbele yake. Yeye ni mama wa fundi, anajua kifuniko cha injini.

Alipitisha kidole gumba juu ya maneno, taratibu, kama mtu anayesoma gizani. Kikafika mwisho, kwenye kitundu.

“Hata weye unapakaka ile tundu,” akasema.

“Napaka, mama. Na rangi nyeupe.”

“Siku hizi bantu banaigana.”

“Banaigana, ndiyo.”

“Pengine aliuzisha ile motokari. Muntu anaweza kuuzisha motokari yake.”

“Anaweza.”

Nilikuwa nambishia kwa kumkubalia, njia mbaya kuliko zote, na alijua, kwa kuwa ndiye aliyenifundisha kununua mboga. Aliweka ungo chini. Alikichukua kifuniko kwa mikono miwili, kizito kwake, nami sikumsaidia. Akakipeleka mlangoni. Mlango wetu umefifia kwa jua upande wa nje, kwa hiyo aliufungua akatafuta kona ya ndani, karibu na bawaba, ambako jua halifiki. Alikiinua kifuniko mpaka kitundu kikawa kando ya ile kona. Macho yake si mazuri. Alisogeza uso mpaka paji likagusa mbao.

Alikaa vile mpaka maji kwenye mbabula yakachemka na kumwagikia makala.

“Ulikuwa nayo tangu lini?”

“Siku ine.”

“Siku ine,” akasema. “Ukalala nayo peke yako.”

Kisha akalia. Miaka saba nilikuwa nikiingoja sauti ile, na ilipokuja sikuijua. Nilidhani ni jirani.

Papa mudogo alifika baada ya siku sita. Tulikaa matanga, watu walikuja, viti vilikodiwa, nikavihesabu vikiingia na vikitoka. Papa mudogo alisema kitu kilichokwenda naye kizikwe mahali pake. Mama alikubali, lakini alitaka kwanza nikipake.

“Kinaenda mu udongo,” papa mudogo akaniambia, “utakipakia nani?”

“Kazi haitokake ku meza yangu nusu, papa.”

Kopo la mlango lilikuwa limekauka miaka mingi. Nilichanganya upya: buluu, nyeupe nyingi mno, kijani ya kuirudisha. Nilifanya makosa yake yote kwa mpangilio wake. Nilitoa ile nyeupe iliyovimba, nikasugua kila kona, nikatia tone, nikainamisha, nikangoja ngozi, nikafuta mara moja. Sijawahi kufanya kazi safi kuliko ile, nayo ilikwenda ndani ya sanduku la mbao, imefungwa katika shati lake. Kitundu sikukigusa. Nilipeleka sindano mpaka juu yake, tone likaning'inia, nikairudisha. Kumi na nne ni zangu, moja ni yake. Nilihesabu kutoka mbele na kutoka nyuma, na sikusikia ulimi wa mtu.

Watu walipokwisha kwenda, mama alipika. Sombe, na samaki wa tomsoni. Alinituma niandae. Nilipanga sahani juu ya mkeka, nikahesabu, tano. Nikahesabu tena kutoka upande wa pili, nikafika tano, nikatega sikio, kama ninavyofanya mezani nikifika kumi na nne.